Sababu ya Kubadili Jina

Namwon, 9 Desemba 1988

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama amesema nikusalimu vizuri kabla sijaanza kulalamika, basi nakusalimu vizuri, wewe na mama mdogo na wale mapacha wako waliosahau kwamba wana dada huku. Sisi tupo. Juzi tumemaliza kazi ya kabichi ya kuchachusha, vichwa sitini, chumvi na pilipili mpaka kwenye nywele. Mama analia mgongo, lakini ukimwambia apumzike anakujibu kabichi haijitii chumvi yenyewe. Mtungi wenu tumeufukia nyuma ya nyumba pamoja na yetu. Njoo uuchukue kwa mikono yako.

Sasa malalamiko.

Nimefaulu, baba mdogo! Ualimu wa shule ya msingi, na katika mkoa mzima nimekuwa wa kumi na nne. Mama alipiga kelele mpaka jirani akadhani tumeungua. Jana nikaenda ofisi ya elimu kuchukua karatasi ya matokeo. Wana mashine mpya, inachapa yenyewe huku inapiga mluzi. Namba ya mtihani sawa. Tarehe ya kuzaliwa sawa. Jina: la ukoo, Tak; langu, Sol, halafu mraba mtupu. Mui haipo.

"Kaka, jina langu halijaisha," nikamwambia karani. Anaitwa Bwana Yeo, kijana tu, ana sweta ya kijani iliyofumuka kiwiko.

"Limeisha. Mashine imetoa ilichonacho."

"Basi iongezee."

"Dada yangu, hii si taipureta. Silabi hiyo haimo kabisa. Siyo hapa tu, hata Seoul haimo."

"Sasa mimi naitwa nani?"

Akacheka, akaniambia nisijali, yupo bwana mmoja aliyekuwa na shida kama yangu, akaenda mahakamani akabadilisha jina, mambo yakaisha. Nami nifanye hivyo kabla ya tarehe ishirini Februari. Nisipofanya, orodha ya walimu wapya itakwenda bila mimi, maana mashine haimpangii shule mtu asiyesomeka.

Wewe ndiye bingwa wa mashine hizi katika ukoo wetu. Nieleze, nisaidie. Tena mwaka huu kumbukumbu ya baba inaangukia tarehe kumi na nne Februari. Tangu tumzike hujaja hata mara moja. Sikugombezi, nauliza tu.

Mtoto wa kaka yako,
Solmui


Seoul, 2 Januari 1989

Mwanangu Solmui,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Nisamehe kwa kuchelewa. Tangu Olimpiki iishe, kazi zote zilizosukumwa kando zimerudi kwa mkupuo. Mama yako mdogo ameng'olewa jino la nyuma, anakula uji tu na hasira zake zote zinanishukia mimi. Mapacha wanakusalimu. Hongera sana, mwalimu wetu! Kaka angekuwepo angezunguka mji mzima akiwasumbua watu kwa habari hii.

Kuhusu jina. Nitajaribu kukueleza bila kukuchosha.

Wewe ukishika kalamu unaandika m, unapitisha mstari mmoja chini yake, unasimamisha mwingine kando, tayari, mui. Herufi zetu ni chache, na kwa kuzipanga ndani ya mraba mtu anaweza kujenga silabi elfu kumi na moja na zaidi. Mashine haijengi. Mashine inajua namba tu. Kila silabi iliyokwisha kujengwa imepewa namba yake kwenye jedwali, na unapobonyeza, mashine inakwenda kwenye namba hiyo na kutoa picha. Isiyo na namba haina picha. Ndiyo ule mraba.

Jedwali lenyewe ni la safu tisini na nne, kila safu nafasi tisini na nne, kwa sababu mashine za dunia zimezoea mpango huo. Humo ilibidi ziingie herufi za Kichina karibu elfu tano, alama za hesabu, herufi za Kirusi, za Kigiriki, za Kijapani. Silabi zetu zikabakiwa na nafasi elfu mbili mia tatu na hamsini. Zilichaguliwa zile zinazotumika sana. Wapo waliosema mashine ifundishwe kujenga yenyewe kwa vipande, lakini mashine za nje zingechanganyikiwa. Ndivyo ilivyoamuliwa.

Ushauri wangu, na naomba usikasirike: badilisha. Solmi ni jina zuri, fupi, la kisasa. Ni mstari mmoja tu unaondoka. Usipoteze kazi kwa ajili ya mstari mmoja.

Februari sidhani kama nitapata nafasi. Msalimie shemeji, avae soksi mbili.

Baba yako mdogo,
Ingyu


Namwon, 10 Januari 1989

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama anavaa soksi tatu. Anasema pole kwa jino la mama mdogo, asugue chumvi. Theluji imefika magotini, na paka wa jirani amezalia kwenye stoo yetu bila hodi.

Umeniambia nisikasirike. Nimekasirika.

Warusi wamepata viti! Wajapani wamepata viti, hao hao waliomlazimisha babu kuacha jina lake na kuvaa la kwao, leo wameketi ndani ya jedwali letu wamekunja nne, na mimi niko mlangoni nimeshika viatu vyangu. Halafu unaniambia ni mstari mmoja tu. Baba mdogo, mlima uliopo nyuma ya nyumba hii unaitwa Solmui tangu enzi za babu wa babu. Baba alinipa jina hilo kwa kuwa siku niliyozaliwa alitoka nje akauona. Hakuna mlima unaoitwa Solmi. Solmi ni jina la mpangaji.

Nilikwenda kwenye kiwanda cha uchapaji alikokuwa akifanya kazi baba. Mzee Cheon, msimamizi wake, bado yupo, ingawa siku hizi wanachapa kalenda na kadi za harusi tu. Nikamwuliza, "Mzee, zamani silabi ikikosekana kwenye kasha la herufi mlifanyaje?"

"Tulifanyaje vipi? Tulikata herufi mbili za risasi. Nusu ya hii, nusu ya ile, unasugua kwa tupa, unabana na uzi, unachapa. Baba yako alikuwa fundi wa hilo, huoni kiungo." Akaniangalia. "Kwani wanasemaje?"

"Wanasema haiwezekani."

"Wavivu hao," akasema, akarudi kwenye kalenda zake.

Sasa nina swali moja, nalo silizungushi. Umeandika "zilichaguliwa." Umeandika "ndivyo ilivyoamuliwa." Na nani? Mama anakumbuka kwamba kwenye sikukuu ya mavuno ya mwaka themanini na sita ulituma kasha la mapeasi na kijibarua, ukasema umewekwa kwenye kamati ya mambo ya herufi na kwamba ni heshima kwa ukoo. Alikuwa amekisahau. Tulikipata chini ya godoro la wageni.

Ulikuwemo?

Solmui


Seoul, 24 Januari 1989

Solmui,

Nimeipata barua yako. Natuma mizizi ya ginseng kwa ajili ya mgongo wa mama yako, aichemshe na tende, asiikaange.

Nimepiga simu huku na huku. Jedwali haliwezi kuguswa sasa. Hata likiongezwa, ni baada ya miaka, na ofisi yenu haitanunua mashine nyingine kwa ajili yako. Nenda mahakamani, mwanangu, tarehe zinakimbia. Nakusihi.

Mapacha wana mafua.

Ingyu


Namwon, 31 Januari 1989

Baba mdogo,

Salamu za hapa ni fupi leo. Mama amekaanga ginseng yako kwa makusudi.

Swali langu uliliruka kama dimbwi, nimeona.

Nilikwenda mahakamani jana. Silali vizuri, nikilala naota naitwa darasani na siwezi kujibu, basi nikasema, potelea mbali, nikamalize. Nilipanga foleni saa mbili nzima na watu wanaogombea mashamba. Nikapewa fomu. Jina la sasa, nikaandika. Jina linaloombwa, nikaandika Solmi. Halafu kuna mistari mitano: sababu ya kubadili jina.

Nikakaa. Kalamu iko mkononi, sina sababu. Silichukii jina langu. Halifanani na tusi. Halijaniletea mkosi. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alinichungulia, akaninong'oneza, "Mimi nimeandika mganga kasema nitakufa nalo. Wanakubali hiyo." Nikamwambia asante, mganga wangu ni mashine. Karani wa dirishani akaanza kugonga kioo.

"Dada, andika chochote."

"Siwezi kuandika chochote. Ni jina."

"Basi kaa pembeni, wapo wenye shida za kweli."

Nimerudi na fomu nyumbani. Mama amenuna tangu jioni. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimekwenda, kumbe amekasirika kwa kuwa nimerudi. Anasema baba amekufa, jina halitamfufua, ila kazi nikiikosa nitaozea hapa naye. Kisha akalia. Mimi na mama tunapendana kwa kununiana, unatujua.

Kwa hiyo nakuletea fomu yenyewe, nimeikunja humu. Ile mistari mitano iko wazi. Mwenye sababu si mimi. Jaza wewe, unirudishie kabla ya tarehe ishirini, na mimi nitaipeleka jinsi ulivyoijaza, sitaongeza wala kupunguza nukta.

Solmui


Seoul, 10 Februari 1989

Mwanangu,

Fomu yako imekaa kwenye droo ya hapa nyumbani siku saba. Sikukuu ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, supu ya vitumbua vya mchele niliiacha bakulini. Mama yako mdogo akaniuliza, "Una nini?" Nikamwambia tumbo. Jana aliikuta fomu, akaisoma, akaiweka mbele yangu pamoja na kalamu, akatoka na watoto. 

Nilikuwemo.

Tulikuwa watatu kwenye meza moja, chumba cha ghorofa ya nne, jiko la mafuta ya taa katikati. Kila silabi ilikuwa na kadi yake. Mbele ya kadi silabi, nyuma yake imeonekana wapi na mara ngapi: magazeti, vitabu vya shule, daftari za simu, daftari za vizazi. Zilizoonekana mara nyingi ziliingia bila mjadala. Zilizoonekana mara moja au mbili tu zilikwenda kwenye katoni ya tambi iliyokuwa chini ya meza. Za katikati, aliyeishika kadi alikuwa na haki ya kuinyanyua na kuitetea. Nafasi zilikuwa chache lakini zilikuwepo.

Siku moja mwenzetu, Bwana Ma, mtu wa visiwani, akanyanyua silabi inayotumika kwao tu, kwa aina ya kombe wanaowachimba kwenye matope. Mkubwa wetu, ndiye wa tatu pale mezani, akamwuliza, "Bwana Ma, umekuja na ukoo wako wote mezani? Tuongeze viti?" Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko yeye. Bwana Ma akaidondosha ile kadi katonini, masikio mekundu, na tangu hapo hakutetea tena kitu.

Kesho yake nikachukua kadi, mui. Nikaigeuza. Nyuma wameandikwa watu watatu, na wa kwanza ni: daftari la vizazi, Namwon, 1965, Tak Solmui.

Unajua nani aliyekwenda kukuandikisha kwenye daftari hilo? Mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kaka hakupewa ruhusa kazini, akanituma. Karani akataka kuandika Solmi, akasema hii mui yenu ni ya kishamba. Nikapiga meza, nikamwambia kama hajui kuandika anipe kalamu. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa fahari, na baba yako akanimiminia pombe ya mchele kwa mkono wake mwenyewe, mara ya kwanza maishani mwangu.

Sasa kwenye ile meza nina miaka arobaini, nimeshika kadi yenye jina hilo hilo, na ninachofikiri ni kimoja tu: wakiigeuza watasoma Tak, watanitazama mimi Tak, watacheka. Nikaidondosha. Haikuchukua muda wa kumeza mate. Kisha nikaendelea na kadi inayofuata.

Kaka alikuwa na miezi tisa tu kaburini. Ndiye aliyepanga herufi za risasi miaka kumi na miwili ili mimi nisome hayo ya mashine. Ningekuja vipi kwenye kumbukumbu yake? Nipige magoti mbele ya chakula anachotengewa siku hiyo nikiwa na mikono hii? Kila mwaka nakata tikiti, kila mwaka nairudisha.

Nimeijaza fomu. Ni ukweli, na ni aibu yangu, ifanye utakavyo. Usiponiandikia tena nitaelewa.

Ingyu


Namwon, 4 Machi 1989

Baba mdogo,

Barua yako ilifika tarehe kumi na tano, siku moja baada ya kumbukumbu. Tulikuwa tumekwisha kumwita baba, tumempa wali na samaki wake, tumemwaga pombe. Mama aliniambia nisome kwa sauti. Nilisoma. Nilipofika kwenye katoni ya tambi alisimama akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha oshwa. Baadaye sana akasema, "Mwambie asije kwa kaka yake na machozi tu. Siku atakayokuwa na cha kumwambia, aje, nitampikia."

Mimi nilitaka kukuchukia. Kwa siku mbili nilikuchukia vizuri kabisa. Ungekubali kuchekwa mara moja tu, baba mdogo! Mara moja, watu wawili, jiko la mafuta ya taa! Mimi nimechekwa na ofisi mbili.

Fomu yako niliipeleka, lakini si mahakamani. Tarehe kumi na nane asubuhi niliiweka mbele ya Bwana Yeo wa ofisi ya elimu. Akasoma mistari mitano kwa sauti ya chini: "Silabi ya jina hili ilikuwa mikononi mwangu, mimi baba mdogo wa mwombaji. Niliona haya kumtetea ndugu yangu mbele za watu, nikaitupa. Mwombaji hana kosa na jina halina kosa." Akarudia tena kusoma.

"Huyu ni baba yako mdogo kweli?"

"Kweli."

"Mbona ameandika hivi? Hii ukiipeleka mahakamani hawakubadilishii."

"Ndiyo," nikamwambia. "Sitaki wanibadilishie."

Alikuna kichwa, akaangalia mlango wa mkubwa wake, akatoa orodha ya walimu, akaniandika kwa kalamu juu ya ule mraba, Mui, kisha akagonga muhuri wake pembeni kama mtu anayesahihisha kosa. Akasema ni kwa mwaka huu tu. Kila karatasi itakayotoka kwenye mashine nimfuate aigonge. Akihamishwa yeye, au mkubwa akiuliza, shauri yangu. Basi nina kazi, lakini imeshikwa na uzi wa muhuri wa kijana mwenye sweta iliyofumuka. Kila nikisikia baiskeli ya posta moyo unaruka.

Nimepangiwa shule ya mlimani, saa moja na nusu kwa basi, watoto thelathini na mmoja, darasa la kwanza. Wazazi huku ni wachimba mizizi na wafuga nyuki. Na hili ndilo lililonifanya nikuandikie, maana nilikuwa nimeapa kutokuandikia mpaka kiangazi.

Mwaka huu hata orodha za wanafunzi zimechapwa na mashine. Siku ya kwanza naita majina, nafika namba kumi na tisa: Bong Na, mraba.

Nikaishia hapo. Darasa zima likaniangalia. Kwenye dawati la nyuma alikuwepo binti mdogo mwenye mashavu yaliyopasuka kwa baridi, anasubiri aitwe. Wenzake kumi na wanane walikuwa wameitwa. Nilimwona anavyohesabu, anavyojua kwamba zamu yake imefika, na mwalimu hasemi kitu. Midomo ikaanza kumtetemeka. Siku yake ya kwanza shuleni, baba mdogo.

Nikashuka mpaka kwenye dawati lake, nikachuchumaa. "Mwalimu hajui kusoma vizuri," nikamwambia. "Nisaidie. Unaitwa nani?"

"Nasui," akasema. Bibi yake alikuwa shambani anachimba mboga ya porini iitwayo nasui wakati anazaliwa, mwanzo wa machipuko. Kwao huku wote wanaiita hivyo.

Nikaliandika kwa kalamu, nikaliita kwa sauti kubwa, naye akaitikia kwa sauti iliyogonga madirisha.

Sui nayo ilikuwa na kadi. Sijui ilikuwa mikononi mwako au mwa Bwana Ma au mwa yule wa tatu, na sitaki kuambiwa. Ninachotaka ni hiki. Kwenye simu uliambiwa jedwali huenda likaongezwa baada ya miaka. Basi watakaa tena mezani. Nenda ukakae nao. Nyanyua mkono, useme Nasui, useme tena, wakicheka useme mara ya tatu. Langu usilitaje kama unaona haya, mimi nina kalamu na nina mdomo. Yeye ana miaka saba, mtu wa mlimani, baba yake anafuga nyuki. Hana undugu wowote na sisi, na mezani hakuna atakayekuambia umekuja na ukoo wako.

Tak Solmui